Mzazi na Mwalimu: Wajibu Mmoja kwa Mtoto Mmoja

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, makatekista na wanakamati wa Haki na Amani wa parokia za Kasulu na Kibondo



Tumezoea kukutana kwa jina la Haki na Amani tukiwa na mashauri ya mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane na ujirani wetu na wakimbizi. Leo tunaleta shauri jingine, ambalo halina mlalamikaji, kwa sababu aliyedhulumiwa hajui kwamba amedhulumiwa. Ni shauri la mtoto aliyekaa darasani miaka 7, akavaa sare, akaitwa jina lake kila asubuhi, kisha akatoka bila kuweza kusoma tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji.

Mtoto huyo hatukumbuni. Kuanzia mwaka 2010 watafiti wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya za nchi yetu, wakiwapa watoto hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Waliona kwamba katika kila watoto 10 wa darasa la tatu, 7 hivi hawakuweza kuisoma. Na katika kila watoto 5 waliokuwa wakimaliza darasa la saba, mmoja alikuwa bado hawezi. Tangu hapo Serikali imetia mkazo katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa kwa ajili hiyo. Lakini kuna jambo moja katika kazi ile linalotuhusu sisi hasa: watoto walipimwa nyumbani kwao. Mzazi aliyekuwapo aliweza kusikia kwa masikio yake kama mwanawe anasoma au anakisia. Yafaa tujiulize: kwa nini lisubiriwe jambo hilo mpaka aje mgeni?

1. Kwa nini ni jambo la Haki na Amani

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko lake juu ya Elimu ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Papa Yohane Paulo wa Pili alilirudia fundisho hilo mwaka 1981 katika waraka wake juu ya familia, na Papa Fransisko akalifafanua tena mwaka 2016. Maana yake ni nyepesi kueleweka, ingawa ni nzito kutekelezwa. Shule humsaidia mzazi. Haimwondolei kazi yake. Na mzazi naye, kwa kuwa ni wa kwanza, ana haki ya kuuliza, kujibiwa na kusikilizwa.

Hapa pana pande mbili za haki. Mtoto ana haki ya kujifunza, siyo haki ya kuandikishwa tu. Na familia ina haki ya kujua kinachotendeka ndani ya uzio wa shule. Haki ya kwanza ikikosekana, tunapata kijana anayetia dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa, akauza shamba la baba yake kwa bei ya siku mbili za chakula. Haki ya pili ikikosekana, tunapata kijiji kinachomlaumu mwalimu gizani na mwalimu anayekidharau kijiji mchana. Mahali pa namna hiyo hapana amani.

2. Tulikotoka

Sisi watu wa nyanda hizi tunajua thamani ya elimu, kwa kuwa tulikaa mbali nayo muda mrefu. Wakati wa ukoloni, Buha ilihesabiwa kuwa chemchemi ya manamba. Wanaume wetu walipelekwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, na nyumba nyingi zikabaki na mama peke yake. Shule zilikuwa chache, nyingi zikiwa za misheni. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za madhehebu zilikwenda mikononi mwa Serikali. Kisha ikaja Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, watu wakahamishiwa katika vijiji. Na Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaagiza elimu ya msingi kwa kila mtoto, lengo likiwa mwaka 1977. Wazee waliopo hapa wanakumbuka: matofali yalifyatuliwa na wazazi, nyasi za kuezekea zilikatwa na wazazi, maji yalichotwa na akina mama. Shule ile ilikuwa yao kwa jasho lao.

Katika miaka ya 1980 na 1990 uchumi ulidhoofika, ada na michango ikarudi mabegani mwa familia, na watoto wengi wakabaki nyumbani. Ada ilipofutwa mwaka 2001 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ukaanza, wanafunzi wa shule za msingi nchini waliongezeka kutoka takribani milioni 4.4 mwaka 2000 hadi takribani milioni 7.5 mwaka 2005. Na Januari 2016 ilipoanza elimumsingi bila ada, madarasa ya kwanza yalifurika tena.

Tunamshukuru Mungu kwa hatua hizo. Lakini tukitazama vizuri, tutaona jambo la kusikitisha. Kila mara mlango ulipofunguliwa zaidi kwa mtoto, mzazi alizidi kubaki nje ya uzio. Alipojenga, aliuliza. Alipolipa, aliuliza. Alipoambiwa kwamba ni bure, alinyamaza, kana kwamba mtoto naye sasa ni wa Serikali.

3. "Bila ada" si "bila mzazi"

Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 haukumfuta mzazi. Uligawa wajibu. Serikali ilichukua ada na gharama za uendeshaji. Mzazi aliachiwa sare, madaftari na kalamu, chakula na matibabu ya mwanawe. Michango ya lazima ilikatazwa, na Januari 2018 Rais Magufuli alikemea hadharani tabia ya kuwafukuza watoto darasani kwa sababu ya michango. Kwa hiyo mambo mawili ni kweli kwa pamoja. Hakuna mtoto anayepaswa kurudishwa nyumbani kwa sababu baba hakutoa debe la mahindi. Na hakuna baba anayepaswa kujificha nyuma ya neno "bure" ilhali mwanawe anaandika masomo manne katika daftari moja.

Sasa tumepewa sababu nyingine ya kuharakisha. Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, inaweka elimu ya lazima kuwa miaka 10, na elimu ya msingi kuwa miaka 6 badala ya 7. Mtoto atakuwa na mwaka mmoja pungufu katika shule ya msingi. Asiyejua kusoma mwishoni mwa darasa la pili atabeba upofu huo darasa kwa darasa, naye mwalimu wa darasa la tano hana nafasi ya kurudi kwenye silabi.

4. Mzazi nyumbani: asiyejua kusoma anaweza kusikiliza

Tunasikia mara nyingi neno hili: "Padre, sisi hatukusoma, tutamsaidiaje mtoto?" Ni neno la unyenyekevu, lakini si la kweli. Kazi ya mzazi nyumbani si kufundisha somo la mwalimu. Kazi yake ni kumwonyesha mtoto kwamba anachojifunza kinahesabika katika nyumba ile.

Mama asiyejua hata herufi anaweza kufungua daftari na kuona kama kuna ukurasa mpya tangu juzi, na kama kalamu ya mwalimu imepita hapo. Anaweza kumwambia mtoto, "Nisomee," naye akakaa kimya akisikiliza huku anachambua maharage. Mtoto anayesoma vizuri, sauti yake hutiririka. Anayekisia husita, hurudia, hutazama ukutani. Sikio la mama hulitambua hilo bila cheti. Kisha aulize, "Maana yake nini?" na mtoto aeleze kwa Kiha. Akishindwa kueleza, hajaelewa, hata kama amesoma maneno yote.

Hapo tuseme jambo juu ya lugha. Watoto wetu wengi hukutana na Kiswahili cha darasani kama mgeni asiyewasalimu. Wazazi wengine, kwa nia njema, huona aibu kuzungumza Kiha na mtoto wa shule. Wasione aibu. Mtoto aliyesimuliwa hadithi, akategewa vitendawili, akafundishwa kupanga maneno yake mbele ya wakubwa kwa lugha ya mama, amekwisha kupata nusu ya kazi. Kiswahili atakijengea juu ya msingi huo. Maskini ni mtoto asiyezungumziwa kabisa, anayesikia amri tu: leta, peleka, nyamaza.

Hesabu nayo ipo nyumbani. Mtoto apime debe, ahesabu mafungu ya ndizi, akokotoe chenji ya sokoni. Baba anayeuza kahawa au tangawizi amwite mwanawe waandike pamoja kilo na bei. Mtoto akiona kwamba hesabu ya ubaoni ndiyo hesabu ya mfukoni mwa baba, hatauliza tena shule ina faida gani.

Liko pia suala la muda. Kalenda ya shule na kalenda ya shamba hugombana katika nchi yetu. Mvua za kwanza hunyesha kuanzia Oktoba, ndipo mbegu zinapotakiwa ardhini. Na mwezi huohuo kwa kawaida darasa la nne hufanya upimaji wa kitaifa. Shule zinapofunguliwa Januari, maharage ya kwanza yanakaribia kuvunwa. Familia nyingine huhamia mashamba ya mbali wiki kadhaa, zikiondoka na watoto. Hatusemi mtoto asilime. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967 haikutenganisha jembe na kitabu. Tunasema mtoto asiwe kibarua saa za masomo. Na mtoto wa kike asichote maji, asisonge ugali, asibembeleze mdogo wake hadi giza liingie, wakati kaka yake amekaa na daftari kwenye taa ya sola.

5. Shule mbele ya familia

Upande wa pili nao una deni. Mzazi wa kijijini huitwa shuleni kwa mambo mawili: mtoto ametenda kosa, au kuna kitu kinatakiwa. Akiona barua ya mwalimu, moyo humdunda. Mtu aliyezoea kuitwa kwa lawama tu hatakuja kwa hiari.

Tuwe wa haki kwa walimu. Wengi wametoka mikoa mingine, hawajui Kiha, wanaishi katika chumba cha kupanga, na mbele yao wamekaa watoto wengi kuliko madawati. Mwalimu wa namna hiyo anahitaji kijiji kimkaribishe, kimwonyeshe maji yaliko, na kisimwimbe vibaya kilabuni. Lakini naye anahitaji kujua kwamba mzazi asiye na viatu ana akili timamu, na kwamba adhabu iliyopita kiasi humfukuza mtoto shuleni haraka kuliko njaa.

Mkoa wetu una uzoefu wa njia iliyo bora. Mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioendeshwa kuanzia mwaka 2014 hadi 2020 kwa msaada wa Uingereza, Kigoma ikiwa miongoni mwa mikoa yake, ulianzisha Umoja wa Wazazi na Walimu, ambao wengi mnauita UWAWA. Mpango wa Shule Bora, ulioanza mwaka 2022, umeuendeleza. Hekima yake ni hii: wazazi hawakusanywi tu mia tatu chini ya mwembe kusikiliza matangazo. Darasa linakuwa na wazazi wawakilishi, wanaojua majina ya watoto wa darasa hilo. Mtoto akikosa siku tatu, mzazi mwenzake ndiye anayebisha hodi, wala si mgambo. Na kulikuwa na mpango wa kuwaandaa watoto kuanza shule, ambamo wanajamii wenyewe waliwakusanya wadogo wasiofikiwa na elimu ya awali, wakawasimulia hadithi na kuwazoeza Kiswahili na kalamu. Fedha ya wafadhili ina mwisho wake. Mzazi kumjua mtoto wa jirani hakuhitaji mfadhili.

6. Kamati ya shule na fedha ya mtoto

Kamati ya shule imo katika Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978. Si kundi la kumsindikiza mwalimu mkuu kutia sahihi. Tutoe mfano wa hesabu. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 4,000 zilibaki kwa ununuzi wa vitabu, na 6,000 zikaelekezwa katika akaunti ya shule. Shule yenye wanafunzi 600, kwa kipimo hicho, ilipaswa kupata shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Kwa fedha hiyo hununuliwa chaki na karatasi, huchapwa mitihani, hukarabatiwa kufuli na dirisha.

Mzazi anayejua hesabu hii hufanya mambo mawili kwa mpigo. Huuliza kwa adabu: zimeingia ngapi, zimetumikaje, mbona ubao wa matangazo ni mtupu? Na pia huacha kumtuhumu mwalimu mkuu kwamba anakula mamilioni, kwa sababu ameona mwenyewe jinsi 300,000 zinavyokwisha haraka kwa watoto 600. Ukweli humlinda mwanafunzi, tena humlinda mwalimu mwaminifu.

Vivyo hivyo kwa chakula. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2020 unawahimiza wazazi na jamii kushirikiana na shule ili wanafunzi wapate mlo. Mkutano wa wazazi uamue wenyewe, kwa kufuata taratibu, wakati mavuno yapo ghalani: kila nyumba kiasi gani cha mahindi na maharage, nani atatunza ghala, nani atapika. Na uamuliwe tangu mwanzo kwamba mtoto wa mjane asiye na kitu atakula pamoja na wengine, tena bila jina lake kutajwa hadharani.

7. Watoto wanaosahaulika

Ushirika wa nyumba na shule hupimwa kwa mtoto aliye pembeni. Kasulu tuna mfano mbele ya macho yetu. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipotikisa nchi katika miaka ya 2008 na 2009, watoto wengi walihifadhiwa katika shule ya Kabanga. Ukuta uliokoa uhai wao, nasi tunawashukuru waliowatunza. Lakini ukuta hauwezi kuwa mama. Mtoto aliyetenganishwa na jamaa zake miaka mingi hana wa kumuuliza jioni amejifunza nini. Jumuiya zinazowatembelea, zikawaita kwa majina, na kusaidia ndugu zao wasiwasahau, zinafanya kazi ya shule na ya Injili kwa wakati mmoja.

Tuna pia fundisho tulilopewa na wageni wetu. Kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Zaire, watoto walifundishwa kwa mtaala wa nchi yao, na walimu walitoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe. Watu waliopoteza nyumba na mashamba walishika chaki. Sisi tulio na vijiji vyetu tutajitetea kwa nini?

Na tumkumbuke binti aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 umemfungulia mlango wa kurudi. Lakini waraka haulei mtoto mchanga. Bibi asipompokea kitukuu, na majirani wasipofunga vinywa vyao, mlango utabaki wazi bila anayeingia.

8. Jumuiya zetu zifanye nini

Figa moja haliinjiki chungu. Nyumba ni figa, shule ni figa, na la tatu ni jumuiya inayowazunguka. Tunapendekeza kwa kila Jumuiya Ndogondogo mambo haya manne:

(a) Ijue kwa majina watoto wote wa umri wa shule katika eneo lake, wa Wakatoliki, wa Waislamu na wa madhehebu mengine bila ubaguzi, na nani kati yao haendi.

(b) Kila mwezi, katika mkutano mmoja baada ya Neno la Mungu, watoto wa darasa la pili na la tatu wapewe nafasi ya kusoma kifungu kifupi. Asiyeweza asiaibishwe, apangiwe kijana wa sekondari wa kumsaidia.

(c) Wanajumuiya wenye sifa wagombee nafasi katika kamati ya shule na UWAWA, na wakichaguliwa walete taarifa.

(d) Mwalimu mgeni akifika kijijini, jumuiya imtembelee kabla ya wiki mbili kwisha, wala isiende na malalamiko.

Hitimisho

Injili ya Luka inatusimulia jinsi Yosefu na Maria walivyomtafuta mtoto Yesu siku tatu, wakamkuta hekaluni kati ya walimu, akisikiliza na kuuliza. Tumezoea kumtazama mtoto katika habari ile. Leo tuwatazame wazazi. Hawakusema, "Yuko kwa wakubwa wa dini, watamwangalia." Walirudi njia nzima kwa miguu, wakaingia mahali pa walimu, wakauliza. Kisha wakashuka naye Nazareti, na huko nyumbani akaendelea kukua katika hekima. Hekalu lilikuwa na sehemu yake, na nyumba ilikuwa na sehemu yake, na wazazi ndio waliotembea kati ya hizo mbili.

Njia kutoka nyumbani kwetu hadi shuleni haina urefu wa safari ile. Tuitembee. Mungu awabariki ninyi, watoto wenu na walimu wao.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni lini mara ya mwisho ulimsikia mwanao akisoma kwa sauti? Ulifanya nini baada ya kumsikia?

2. Katika shule ya kijiji chetu, mapato na matumizi hubandikwa mahali ambapo mzazi anaweza kuyasoma? Kama sivyo, nani atakwenda kuuliza, na kwa maneno gani?

3. Ni kazi zipi za nyumbani na za shamba zinazowachelewesha watoto wetu wa kike kuliko wa kiume? Tukubaliane kubadili ipi kabla ya msimu ujao wa kupanda?

4. Taja, kwa heshima na kwa siri inayostahili, mtoto mmoja wa eneo letu ambaye shule na nyumba zote zimemwacha. Jumuiya itamwendea lini?